Taa Mabegani mwa Bernadetha

Shwa, shwa, shwa. Jogoo alikuwa hajawika bado, na ufagio wa Bernadetha ulikuwa umeshafika kwenye shina la mparachichi. Alijifunga khanga moja kiunoni na nyingine kichwani, maana baridi ya mlimani Uru mwezi wa saba haina adabu, inamwingia mtu bila hodi. Ndani ya nyumba kitanda kililia, kisha mumewe Sirili akakohoa kile kikohozi chake cha kutaka kusikika.

"Mama Zita, unafagia nini gizani?"

"Majani."

"Unayaona?"

"Nayasikia."

"Wewe! Hata siku ukifa utaamka kwanza uwafagilie njia wachimba kaburi."

Utani huo Sirili alikuwa akiutoa tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kila mara Bernadetha alimjibu kwamba yeye hana hofu, kaburi la Sirili ndilo litakaloota magugu. Alfajiri hiyo hakujibu. Ufagio ulisimama. Kitanda kililia tena, mara hii polepole, na mzee akatoka mlangoni na koti lake mkononi. Alilitupa mabegani mwa mkewe, akarudi ndani.

Bernadetha aliendelea kufagia. Alijua kwa nini koti limekuja. Jana jioni binti yao Zita, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amepanda juu ya jiwe lililo nyuma ya zizi, mahali pekee ambapo simu yake ilishika mtandao, na akateremka uso umembadilika. Harshil, mwana wa rafiki yao wa mjini, alikuwa amepiga. Amefika Moshi kumwona baba yake aliyefanyiwa upasuaji wa jicho, na leo angepanda mlimani na picha ya mwili wa mama, ile aliyopigwa kwa mashine. Picha ina taa, alisema. Taa mabegani, mikononi na shingoni.

"Taa gani?" Bernadetha alikuwa ameuliza.

"Hakunieleza vizuri, mama. Alisema tusiogope mpaka atakapofika."

Na nani asiyeogopa akiambiwa asiogope?

Kabla ya Krismasi madaktari walikuwa wamemtoa Bernadetha uvimbe shingoni, ukaonekana una saratani. Swali likabaki moja tu: je, umeacha watoto mwilini? Mashine ya kujibu swali hilo haikuwepo nchini. Lakini Sirili alikuwa amekaa na cherehani yake kwenye baraza la duka la vitambaa la Rajendra, mjini, tangu ujana wake, na Harshil, mwana wa Rajendra, alikuwa mtafiti Mumbai kwenye mashine ya namna hiyo. Rajendra alisema maneno machache: "Huyu mama alimbeba Harshil mgongoni nilipofiwa na mke wangu. Ataenda." Na kweli alikwenda, akakaa nyumbani kwa Harshil na mkewe Khyati, akapigwa picha, akarudi. Sasa picha ilikuwa imemfuata.

Saa ya chai jirani yao Eliaichi alipiga hodi na bakuli la mtori wa ndizi.

"Sijatia pilipili. Kula, mama, ujikaze. Mtu mgonjwa hawezi kupigana akiwa na tumbo tupu."

"Ahsante, Eliaichi. Nani amekuambia naumwa upya?"

"Aa, mama! Zita alizungumza na simu juu ya jiwe. Kijiji kizima kilikuwa chini yake."

Eliaichi alikaa, akavuta pumzi, akatazama kuta, akatazama kabati. Bernadetha alimwona macho yake yanapotua.

"Kile kitenge chako cha Pasaka," Eliaichi alisema, "kile chenye tausi. Bado kipo?"

"Kipo."

"Maana, mwenzangu, vitu vizuri hugombaniwa. Niliona kwa mama mkwe wangu. Mtu ni vizuri aseme mapema hiki cha fulani, hiki cha fulani."

"Unakitaka?"

"Mimi? Aa! Nauliza tu, jamani."

Zita, aliyekuwa mlangoni, alifungua kinywa chake cha ualimu, lakini mama yake akamtazama, akakifunga. Baada ya mgeni kuondoka, Zita alilipuka.

"Mama, huyu anakugawia nguo ukiwa hai!"

"Umeona mtori aliuleta umefungwa na nini?"

"Na nini?"

"Na sweta lake. Ametoka jikoni kwake mikono wazi, kwa baridi hii, ili mtori usipoe." Bernadetha aliligusa bakuli. Lilikuwa bado la moto. "Mdomo wake ni mbaya, lakini mikono yake ni mizuri. Kula na wewe."

Sirili alirudi saa nne, viatu vimejaa udongo mwekundu. Hakukaa. Alisimama akizungusha kofia yake vidoleni, kama kijana aliyekuja kuposa.

"Nimezungumza na Primus."

"Kuhusu nini?"

"Kile kipande cha chini. Cha kando ya mfereji. Anataka kukinunua."

Bernadetha aliweka chini kisu cha kumenyea ndizi. Kila mtu wa mlimani anajua kwamba kihamba, shamba la ukoo, hakiuzwi. Kihamba ndicho kinachomjua mtu. Mtu anazaliwa ndani yake, kitovu chake kinazikwa hapo, na mwisho naye hufuata kitovu chake.

"Baba yako amelala pale, Sirili."

"Baba yangu amekufa. Wewe hujafa." Aliishusha kofia. "Kama ni kurudi Mumbai kwa dawa, Rajendra ametoa fedha za kutosha. Siwezi kumrudia tena na kofia mkononi. Nina haya. Na Primus ana hamu, nakuambia! Sijamaliza kumsalimia, ameshaanza kupima kwa miguu. Anapiga hatua, anahesabu, na mimi namfuata nyuma kama mtoto wake."

"Umemwambia nini?"

"Nitampa jibu jioni."

Bernadetha alitaka kusema kwamba yeye si wa thamani ya shamba la wakwe zake. Lakini alipomtazama mumewe, aliona kwamba alikuwa amefunga vifungo vya shati vibaya, kimoja kimeruka, yeye fundi cherehani ambaye hakuwahi kutoka nyumbani na kifungo kisicho mahali pake. Akamwendea, akavifungua, akaanza kuvifunga upya tangu juu.

"Subiri Harshil afike," alisema.

Gari la Harshil lilikwama kwenye tope chini ya kanisa, kwa hiyo yeye na Khyati walifika kwa miguu, suruali na viatu havitamaniki. Harshil alikuwa amebeba bahasha kubwa ya rangi ya kaki juu ya kichwa ili isipate tope.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, karibuni." Sirili alimkagua Harshil tangu begani hadi mguuni. "Suruali hii si kazi yangu."

"Yako haijachanika mpaka leo, mzee. Mimi ndiye niliyenenepa."

Walicheka, maana kicheko kilikuwa kimetafutwa tangu asubuhi na kila mtu alikuwa tayari kukipokea. Kisha kikaisha, na wote wakaitazama bahasha.

Harshil alitoa picha, akaibandika kwenye kioo cha dirisha. Mwanga wa nje ukapita ndani yake, akaonekana mtu kama kivuli, hana uso wala nguo. Bernadetha aliona haya. Alitamani kumfunika na khanga.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama. Unakumbuka ile sindano? Ndani yake kulikuwa na sukari yenye mionzi kidogo sana. Sukari ikiingia mwilini, huenda kwa wenye njaa. Kile chenye njaa kubwa hunywa nyingi, na hapo mashine huona taa. Ubongo huu hapa, unang'aa, ni kawaida, hauachi kula. Moyo pia. Saratani nayo ina njaa sana, ndiyo maana tunaitafuta hivi."

"Na hizi?" aliuliza Zita. Kidole chake kilikuwa kwenye mabega.

Harshil alisogea karibu na dirisha. "Hizo ndizo zilizonileta. Mabegani, mikononi, na hapa ubavuni mwa shingo. Upande wa kulia ni nyingi kuliko wa kushoto. Daktari wetu mkubwa, Daktari Nargis, ameitazama mara nyingi. Anataka mama arudi wakate vinyama vidogo, wavipime. Na kama ndivyo, dawa kali ianze palepale."

"Na kama sivyo?" Sirili aliuliza.

"Mzee, nisikudanganye. Utafiti wangu wenyewe ndio huo, mambo yanayoidanganya mashine. Mtu akitetemeka kwa baridi, taa zinawaka. Akitafuna sana, taya linawaka. Msuli uliofanya kazi nzito jana yake, nao huwa na njaa, unawaka. Ndiyo maana asubuhi ile nilimuuliza mama, jana ulifanya kazi yoyote nzito? Akasema hapana, alikaa tu."

"Nilikaa tu," alikubali Bernadetha. "Kama bibi harusi."

Nje maji ya mfereji yalisikika yakiteremka. Bernadetha alihisi kwamba kama angebaki kwenye kiti kile dakika moja zaidi angelia mbele ya wageni, na wageni wametembea kwenye tope.

"Hamjanywa hata chai," alisema, akainuka, akakusanya vikombe, akatoka navyo uani.

Alichuchumaa kwenye karai, akachota majivu, akachukua dodoki, akaanza kusugua. Vikombe vilikuwa safi tangu jana. Alivisugua hivyo hivyo, kwa nguvu, kwa mkono wa kulia, bega zima likienda mbele na kurudi, mshipa wa shingo umesimama. Khyati alimfuata. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya kuchoka, naye ni mtoto wa Moshi, amezaliwa nyuma ya soko.

"Mama, nipe nikusaidie."

"Kaa, mwanangu. Mgeni hafanyi kazi. Mgeni siku mbili."

"Na siku ya tatu?" Khyati aliuliza, kwa kujaza maneno tu.

"Siku ya tatu mpe jembe." Bernadetha alisugua. "Lakini mgeni mwenye akili hangoji kupewa. Analichukua mwenyewe."

Khyati hakukaa. Alisimama akiutazama mkono ule ukienda na kurudi, kisha bega, kisha shingo. Alitazama dirishani, ambako kivuli chenye taa kilikuwa bado kimebandikwa kwenye kioo.

"Mama," alisema taratibu. "Picha ulipigwa siku yako ya nne kwetu."

"Huenda."

"Harshil!" Khyati alikuwa ameshageuka anakimbia. "Harshil! Zita! Njooni hapa!"

Wote walitoka. Sirili alikuja mbio akidhani mkewe ameanguka, akamkuta amechuchumaa na kikombe mkononi, anashangaa.

"Mama," alisema Khyati, "waambie siku ya tatu ulifanya nini."

"Sikufanya kitu."

"Mama."

"Nilifua. Vitu vidogo tu."

"Mablanketi yote ya nyumba, ndani ya beseni la kuogea, kwa miguu na mikono. Na ngazi?"

"Zilikuwa na vumbi."

"Alisugua ngazi za ghorofa nne, Harshil! Mpaka za jirani!"

"Sasa ningesafisha zenu niziache za jirani chafu? Angenionaje?"

Harshil alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Mama, nilikuuliza! Kabla ya sindano, nilikuuliza kazi nzito!"

"Kazi nzito ni kubeba samadi," alisema Bernadetha, naye alikuwa ameanza kukasirika kidogo. "Kazi nzito ni kuteremsha mikungu ya ndizi sokoni na kupanda na chumvi na mafuta ya taa. Kufua nako ni kazi? Na ningesemaje, nimekula chakula chenu, nimelala kitandani kwenu, halafu nijitangaze kwamba nimewafulia?"

"Mbona hukuniambia?" Harshil alimgeukia mkewe. "Wewe uliona!"

Khyati alitazama viatu vyake. "Mablanketi niliyakuta makavu yamekunjwa, beseni bado lina povu. Ngazi alinieleza jirani, wewe ukiwa kazini. Sikufikiri mambo ya picha, mimi ni mtafiti wa bahari. Na nilikuwa sitaki kuizungumzia siku ile, kwa sababu ya chupa."

"Chupa gani?"

"Zile za matope. Hayakuharibika kwa sababu ya friji, Harshil. Nilikudanganya."

Bernadetha aliacha kikombe kitumbukie majini. Alizikumbuka chupa. Zilikuwa jikoni, chini ya meza, zimejaa tope jeusi linalonuka mafuta. Alikuwa amejiuliza msichana msafi kama huyu anafugaje uchafu ule, akamwonea huruma, kazi nyingi, hana mtu wa kumsaidia. Alimwaga tope lote chooni, akazichemsha chupa na sabuni, akazipanga dirishani kwa ukubwa.

"Yalikuwa ya kazi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Yalikuwa ya utafiti, mama. Kila kinachomwagwa baharini, mafuta ya meli, maji ya viwanda, hatimaye hushuka chini kwenye matope na kukaa. Mimi huyachota nione bahari imelishwa nini. Jokofu la chuo lilikuwa limejaa, nikayaleta nyumbani."

"Na mimi nikayamwaga." Bernadetha alikalia kinu kilichokuwa kando. "Ee Mungu wangu. Kwa nini hukunigombeza?"

"Nilifika nikakuta chupa zinang'aa kama za harusini. Ukaniambia, 'Sasa hata mgeni akija mtamwekea maji humu.' Ningeanzia wapi? Niliingia bafuni nikalia, nikanawa uso, nikaja nikakuambia ahsante. Usiku nikazificha, nikiogopa Harshil atanywea kweli."

Zita ndiye aliyeanza kucheka, mkono mdomoni. Lakini Harshil hakucheka. Alikuwa ameshaichomoa simu mfukoni, anaipungia hewani.

"Mtandao! Hapa mtandao uko wapi?"

"Kwenye jiwe," walisema wote pamoja.

Alipanda juu ya jiwe na viatu vyake vya tope, na kwa muda mrefu hawakusikia ila sauti yake ikipanda na kushuka kwa lugha wasiyoijua. Sirili aliingia ndani akaichukua picha dirishani, akatoka nayo, akaishika kwa ncha za vidole kama kitambaa cha bei asichothubutu kukikata. Eliaichi alikuwa amesimama uani kwake, ng'ambo ya ua, hajifichi hata kidogo.

"Wanasemaje?" aliita.

"Bado!" Zita akamjibu.

Bernadetha hakusali kwa maneno. Alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya kawaida, yenye majivu.

Harshil aliteremka kwa kuruka, akateleza, akaangukia makalio, akainuka bila kujipangusa.

"Amecheka!" alisema akihema. "Daktari Nargis amecheka mpaka akakohoa. Anayo picha mbele yake. Anasema pale uvimbe ulipotolewa hapana taa, hakuna kitu. Mapafu safi, ini safi. Taa zote zimefuata misuli, na zimezidi kulia kwa sababu mama husugua kwa kulia. Tuliogopa kwa sababu tuliambiwa hakufanya kazi. Hakuna kukatwa, mama. Hakuna dawa kali. Utapimwa shingo hapahapa Moshi kila baada ya miezi mitatu, na tutaendelea kukuangalia. Lakini hakuna anachokiona cha kukurudisha."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Sirili alikaa chini, palepale kwenye uwanja uliofagiliwa, akaiweka picha mapajani na kuifunika kwa kofia yake. Mabega yake yalitikisika. Bernadetha alimwekea mkono mgongoni, wa majivu, ukaacha alama kwenye shati.

"Zita," mzee alisema alipopata sauti. "Nenda kwa Primus. Mwambie aache kupima."

"Nimwambie na kingine?"

"Mwambie miguu yake ipumzike. Na ukipita kwa Eliaichi..."

"Nimesikia!" Eliaichi aliita kutoka ng'ambo. Alikuwa akifuta macho kwa upindo wa khanga, tena kwa nguvu. "Mama Zita! Kitenge chako kivae mwenyewe! Kivae kesho kanisani!"

"Nitakivaa!" Bernadetha akamjibu. "Na njoo uchukue sweta lako!"

Walikula mtori wa Eliaichi uliopashwa moto, na ndizi zilizomenywa asubuhi kwa mikono yenye hofu. Harshil alisema ataandika kwenye utafiti wake jambo ambalo hakulisoma kitabuni popote, kwamba mtu asiulizwe kama amefanya kazi nzito, aulizwe amefanya nini tangu alipoamka. Sirili akasema basi kwa mama Zita mtahitaji karatasi nyingi.

Jua lilipoanza kushuka, Bernadetha alikwenda mpakani mwa kihamba, kwenye mstari wa masale, majani ya kuombea radhi, aliyopanda baba mkwe wake. Alichuma moja, jani la kijani lisilo na doa, akarudi nalo. Alilishika kwa mikono miwili mbele ya Khyati, akainamisha kichwa, yeye mkubwa kwa mdogo.

"Mwanangu, kwetu mtu akikuletea isale..."

"Najua, mama. Nimezaliwa Moshi." Khyati alilipokea haraka, asimwache mtu mzima ameinama. "Lakini mimi nilishasamehe siku ileile, bafuni. Na nilirudi baharini nikachota mengine. Usiwe na wasiwasi, uchafu haujaisha, upo tele."

"Na kunyamaza kwako kungetupotezea kihamba," alisema Bernadetha, si kwa lawama.

Khyati alikuwa na machozi. "Najua, mama. Nimelijua hilo tangu pale kwenye karai. Basi na mimi nipe jani nikupe."

"Moja linatosha wawili. Tugawane."

Waliwasindikiza mpaka chini ya kanisa, Sirili amebeba mkungu wa ndizi begani na hataki kusaidiwa. Vijana wa parokia walikuwa wamelitoa gari kwenye tope, wakakataa malipo, wakasema mama ni wetu. Harshil aliwasha gari. Khyati akateremsha kioo, nusu yake ya isale imelala juu ya goti.

"Mama, njoo tena kwetu. Safari hii usije kwa ajili ya mashine, njoo tu."

"Nikae siku mbili?"

"Kaa mpaka uchoke. Chupa nitazifungia kabatini, ufunguo nitatembea nao." Gari lilikuwa limeanza kuteremka, naye akatoa kichwa nje. "Na yule jirani wa ngazi hanipi raha, kila siku ananiuliza, yule mama wa mlimani atarudi lini? Nimjibu nini, mama? Sema utakuja!"